Njumu za barafu: Tazama buti kwanza

Mtoto wa Nairobi akisikia neno njumu, mawazo yake huruka moja kwa moja hadi uwanjani, kwenye vumbi la mtaa na mpira unaogombewa na miguu ishirini. Njumu humzuia mchezaji asiteleze anapogeuka kwa kasi. Hiyo ni kazi ya maana, lakini mchezaji akiteleza huanguka nyasini, akajipangusa na kuinuka. Huku niliko, Uskoti, kuna njumu za aina nyingine, na aliyezivaa vibaya huenda asipate nafasi ya kujipangusa.

Zinaitwa kramponi. Ni fremu ya chuma yenye meno marefu kama vidole vya mtoto, ambayo hufungwa chini ya buti ili mtu aweze kutembea juu ya theluji iliyoganda au barafu tupu. Mguu ukishuka, meno huzama na kushika. Bila hayo, mteremko ulioganda haumjali mtu hata awe na nguvu za ng'ombe.

Nililazimika kujifunza habari hizi kwa sababu ya mwanangu wa pili, kitinda mimba wangu, aliye na umri wa miaka 17. Tunaishi Inverness, mji ulio kaskazini, ambako mimi ni muuguzi. Mwaka jana kijana huyo alijiunga na kikundi cha vijana wanaopanda milima. Kiangazi chote walipanda na kushuka, wakirudi na matope na njaa, nami sikuwa na neno. Ilipofika Novemba akaniletea karatasi ya vifaa vya safari za majira ya baridi. Katikati ya orodha ile, baina ya glavu na tochi, paliandikwa: jozi moja ya kramponi.

Mwanzoni hofu yangu haikuwa bei. Wodini kwetu, kila majira ya baridi yakiingia, huletwa watu waliovunjika vifundo vya miguu na nyonga kwa kuteleza tu kwenye njia ya kwenda dukani. Nikajiuliza: ikiwa barafu ya kando ya barabara yaweza kumfanyia hivyo mtu mzima, je, ile ya mlimani, yenye genge chini yake, itamfanyia nini mtoto wangu?

Nikampigia simu mama yangu huko Kirinyaga. Kijana huyu amepewa jina la marehemu baba yangu, na kwa desturi yetu mama humwita mume wake. Nilipomweleza habari, alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Mwambie mume wangu kwamba mlima hauendewi kwa kiburi. Wazee wetu waliutazama kutoka mbali wakaomba. Na kama ni lazima aende, basi avae viatu vya mtu anayetaka kurudi."

Maneno hayo ya mwisho ndiyo niliyoyachukua. Hakusema asiende.

Na mama, bila kujua, aligusa jambo lenye historia ndefu kuliko nilivyodhani. Mlima wetu wenyewe una udugu na chuma hiki. Mwingereza Halford Mackinder alipofika kilele cha Batian, mita 5,199, tarehe 13 Septemba 1899, alikuwa na waongozaji wawili, César Ollier na Joseph Brocherel, wenyeji wa Courmayeur, kijiji cha Italia kilicho chini ya milima ya Alps. Siku hizo njia ya kawaida ya kupita kwenye barafu ngumu ilikuwa kuchonga vidato kwa shoka, kimoja baada ya kingine, kama mtu anayejenga ngazi huku akiipanda. Barafu ya juu kule ilikuwa ngumu mno hata wakaiita Almasi, jina inalobeba hadi leo.

Miaka michache baadaye, mwaka 1908, Mwingereza mwingine, mhandisi Oscar Eckenstein, alibuni kramponi ya meno kumi iliyotoshea mguu barabara. Waliokuja kuifua ni ukoo wa wahunzi wa Grivel, hapo hapo Courmayeur walikotoka wale waongozaji wa Mackinder. Mwaka 1929 Laurent Grivel akaongeza meno mawili yanayotazama mbele, mpandaji akaweza kupiga barafu kwa ncha ya mguu na kusimama. Tangu siku hizo vyuma vimebadilika na mishipi imebadilika, lakini umbo ni lile lile.

Kisa ninachokipenda zaidi ni cha Nanyuki. Mwaka 1943, mateka watatu wa Kiitaliano, Felice Benuzzi, Giovanni Balletto na Vincenzo Barsotti, walitoroka kambi ya Waingereza wakaenda kuupanda Mlima Kenya. Kramponi zao zilitengenezwa kwa siri kutokana na vyuma chakavu vya kambini. Barsotti aliugua akabaki njiani, nao wenzake wawili wakafika Lenana, mita 4,985, wakasimika bendera yao. Kisha, ajabu ya Musa, wakarudi kambini kwa hiari yao na kujisalimisha. Nilimsimulia mwanangu kisa hicho, naye akaniuliza, "Kwa hivyo, mama, nami nijitengenezee?" Nikamwambia wale walikuwa mateka wa vita, yeye ana mama anayepokea mshahara.

Basi Jumamosi moja tukaingia duka la vifaa vya mlimani. Mwuzaji alikuwa mzee mwembamba mwenye nyusi nyeupe. Nilimwambia nataka kramponi za mtoto huyu. Hakugeuka hata kuangalia rafu. Aliuliza: "Buti ziko wapi?"

Hilo ndilo funzo kuu, na ningependa kila mzazi au mwanafunzi alishike kabla ya mengine yote. Kramponi hazinunuliwi peke yake. Hununuliwa kwa ajili ya buti fulani, kama vile kifuniko hununuliwa kwa ajili ya sufuria fulani. Hapa Uingereza buti hupangwa kwa madaraja manne, kuanzia B0 hadi B3, kulingana na ugumu wa soli. Kramponi nazo zina madaraja matatu, C1, C2 na C3.

Buti ya B0 ni ile laini ya matembezi ya kawaida, inayokunjika ukiishika kwa mikono miwili. Hiyo haivalishwi kramponi kamwe. Mguu unapopiga hatua soli hukunjika, lakini chuma hakikunjiki, basi kramponi huchomoka au huvunjika, na huchomoka mahali pabaya kwa kuwa ni pale panapohitaji nguvu. B1 ina soli ngumu kiasi, nayo hupokea C1. B2 ni ngumu zaidi na hupokea C1 au C2. B3 ni ya wakwea barafu wima, haikunjiki hata kidogo, na huweza kupokea zote tatu.

Tofauti ya kramponi zenyewe iko kwenye ufungaji. C1 hushikwa na vikombe vya plastiki mbele na nyuma, kisha hukazwa kwa mshipi. C2 ina kikombe mbele, lakini nyuma ina wenzo unaobana kisigino, kwa hivyo buti lazima iwe na mfereji uliochongwa hapo. C3 hubana mbele kwa waya na nyuma kwa wenzo, na buti yake huhitaji mifereji pande zote mbili. Kwa mtu anayeanza, ambaye atatembea na si kukwea, jibu aghalabu ni C1.

Mzee yule aliichukua buti ya kiangazi ya mwanangu, akaikunja kama chapati, akanirudishia. Hakuhitaji kusema neno.

Hapo ndipo hesabu ilipoanza kuuma. Kramponi zilikuwa zaidi ya pauni 100. Buti za B1 zilikuwa zaidi ya 200. Bado shoka la barafu, bado helmeti. Na mimi nilikuwa nimeweka akiba kwa ajili ya karo ya mpwa wangu, mtoto wa marehemu dada yangu, ambaye shule yao hufunguliwa Januari. Wanaoishi ughaibuni wanalijua jambo hili: kila noti ina wenyewe wawili, mmoja huku na mmoja kule. Nilimtazama mwanangu akiwa ameishika kramponi kama aliyeshika yai, nikajua kuwa nisipoamua vizuri, mmoja kati ya vijana wawili ataumia.

Nikamuuliza mzee kama kuna njia nyingine. Alinijibu kwa uaminifu uliomgharimu mauzo. Alisema miguu ya kijana wa miaka 17 huenda haijamaliza kukua. Kramponi nyingi zina upau katikati unaorefushwa na kufupishwa kwa matundu, kwa hivyo zitamfaa hata mguu ukiongezeka nambari moja au mbili. Buti haina upau. Akashauri tununue kramponi, na buti pamoja na shoka tukodi kwa siku za safari. Nyingi ya safari zao zilikuwa za siku moja, tena nne tu kwa msimu mzima. Kukodi mara nne kulikuwa rahisi mno kuliko kununua. Sharti moja: kila atakapokodi, aende na kramponi zake, azipime kwenye buti ile ile kabla ya kutoka mlangoni.

Baada ya hapo tukaanza kuchagua, nami nitaeleza tulivyochagua ili na mwingine apate pa kuanzia.

La kwanza ni meno. Zipo za meno kumi na za meno kumi na mawili. Kumi yanamtosha anayetembea kwenye miteremko ya kawaida. Kumi na mawili humfaa anayetarajia kupanda pakali zaidi, lakini kwa asiyezoea, meno marefu ya mbele hunasa kwa urahisi kwenye suruali au kwenye mguu wa pili. Tukachukua kumi.

La pili ni madini. Zipo za aluminiamu, nyepesi ajabu, unaweza kuzisahau mkobani. Lakini aluminiamu huchakaa upesi ikikutana na mwamba, na milima ya Uskoti haina barafu tupu: utakanyaga theluji, kisha jiwe, kisha theluji tena. Tukachukua za chuma cha pua, nzito karibu kilo moja kwa jozi.

La tatu ni vibao vya plastiki au mpira vinavyowekwa chini, baina ya meno. Theluji yenye unyevu hushikamana chini ya mguu kama ugali chini ya mwiko, ikajikusanya hadi mtu anajikuta amesimama juu ya donge na meno hayafiki chini. Vibao hivyo huizuia isigande. Ukiona kramponi isiyo navyo, hata ikiwa rahisi, iache.

La nne ni kipimo. Buti iliingizwa kwenye kramponi bila kufungwa mshipi, mzee akaiinua na kuitikisa. Kramponi haikuanguka. Meno ya pembeni yalifuata ukingo wa soli, na yale ya mbele yalichomoza kama sentimita mbili. Ndipo akamwamuru mwanangu avae glavu nene, afunge na kufungua, afunge na kufungua, mara tano. "Mlimani vidole vyako vitakuwa vimekufa ganzi, na upepo utakuwa unakupiga usoni," alisema. "Kama huwezi hapa, kule hutaweza." Bizimu zikae upande wa nje wa mguu, na ncha ya mshipi ichomekwe isije ikakanyagwa.

Huenda msomaji akauliza, mbona tusinunue zile nyavu za minyororo zenye vijino vifupi, zinazovutwa juu ya kiatu kwa mpira? Hizo ni rahisi na zina kazi yake. Mimi mwenyewe huzivaa nikienda kazini alfajiri, njia ikiwa imeganda. Lakini vijino vyake ni kama vya sentimita moja, na mpira huteleza kando mguu ukikanyaga kwa mshazari. Ni za njia tambarare. Anayezipeleka kwenye mteremko mkali ni sawa na anayekwenda baharini kwa karai.

Je, mitumba? Wanafunzi wa Nairobi wanaopanda milima wanajua kuwa Gikomba na Toi zimewavisha wengi buti nzuri za bei nafuu, nami sina neno baya juu ya mitumba. Kramponi zilizotumika nazo si haramu, lakini zikague kwa jicho la daktari: tafuta ufa kwenye maungio, upau uliopinda, mshipi uliokauka, na meno yaliyonolewa hadi yakawa vibutu. Ukiona ufa hata mdogo kama unywele, rudisha.

Siku ile tuliondoka na jozi moja tu ndani ya mfuko. Karo ya mpwa wangu ilibaki salama. Lakini njiani nilimwambia mwanangu kwamba hatazivaa mpaka afundishwe, na kwamba mwalimu hatakuwa rafiki yake wa rika moja. Alinuna hadi nyumbani. Baba yake, mtu wa maneno machache, alimwambia, "Mama yako amekununulia chuma. Miguu hakuweza kukununulia, kwa hivyo itunze."

Mwezi Januari kikundi chao kilipata mwalimu mwenye cheti, wakaenda karibu na Aviemore, katika bonde liitwalo Coire an t-Sneachda, jina ambalo kwa Kigaeli linataja theluji. Nilikuwa sina zamu siku hiyo, nikaenda nao hadi kwenye maegesho ya magari. Jua huku huchomoza karibu saa tatu asubuhi wakati huo na kuzama kabla ya saa kumi jioni, hivyo siku yenyewe ni fupi kama ya kuazima. Kilele cha Cairn Gorm kilicho hapo juu ni mita 1,245 tu, chini ya nusu ya Longonot, ambao wanafunzi wetu huupanda kwa raba. Lakini usiudharau. Tarehe 20 Machi 1986 upepo ulipimwa pale ukienda maili 173 kwa saa.

Alichofundishwa nilikisikia jioni, huku akila kama aliyetoka kufunga. Kramponi huvaliwa kabla ya kuzihitaji, mahali tambarare, si katikati ya mteremko unapoanza kuteleza. Hutembelewa kwa wayo mzima, meno yote yaume pamoja, na miguu itengane kidogo kama ya mtu aliyepanda farasi, meno ya mguu huu yasinase suruali ya ule. Shoka hushikwa upande wa juu wa mteremko. Ukianguka, shoka ndilo la kukusimamisha, na miguu yenye kramponi huinuliwa, kwa sababu meno yakinasa ukiwa mbioni, mwili hupinduka na kifundo huvunjika. Kwa sababu hiyo hiyo, hakuna kujiteleza kwa makalio kwa furaha ukiwa umezivaa. Na kabla ya kutoka nyumbani husomwa taarifa ya hali ya anga pamoja na ile ya hatari ya maporomoko ya theluji, inayotolewa hapa Uskoti kila siku wakati wa baridi.

Nilimuuliza walianguka mara ngapi. Akasema walijiangusha makusudi asubuhi nzima, bila kramponi, mahali pasipo na hatari, mpaka mikono ikalijua shoka bila kuulizwa. Katika yote aliyonieleza, hilo ndilo lililonipa usingizi.

Siku hizi, akirudi, huziosha, huzikausha kwa kitambaa na kuzianika kabla ya kuzirudisha kwenye mfuko wake, zisishike kutu. Meno yakiwa butu huyanoa kwa tupa ya mkono, polepole, kwa kuwa mashine hukipasha chuma moto kikapoteza ugumu wake. Hajawahi kuosha sahani kwa bidii ile, lakini hayo ni mazungumzo ya siku nyingine.

Juzi alinitangazia kwamba tukirudi Kenya angependa kuzichukua, apande Lenana nazo. Nikamwambia aziache. Njia ya kawaida ya Lenana ni mwamba na changarawe, na maelfu huipanda kwa buti za kawaida tu. Mackinder alihesabu mito ya barafu 18 kwenye mlima ule. Leo yamesalia mabaki, na ule mkubwa kuliko yote, Lewis, ulipoteza takriban asilimia 90 ya ujazo wake kati ya 1934 na 2010. Alinitazama asiamini. "Yaani nimejifunza kutembea kwenye barafu," akasema, "na ya kwa nyanya inakwisha?"

Sikuwa na jibu la kumpa. Nilimpigia mama simu, nikampa azungumze naye. Waliongea muda mrefu, naye alikuwa akimweleza yule bibi wa Kirinyaga, neno kwa neno, jinsi mtu anavyoweka wayo wake wote chini ili meno yaume pamoja. Nilimsikia mama akicheka, kisha akimwuliza kama buti zilikuwa zake au za kukodi.